Je, wagonjwa wa kichwa hupona? Jibu kwa mama wa mwanafunzi wa udaktari

SWALI: Daktari, mimi nauza mitumba Gikomba na nakaa Umoja. Binti yangu yuko mwaka wa nne wa udaktari. Juzi alituambia mezani kwamba anataka kuwa daktari wa kupasua ubongo. Baba yake alifurahi, mimi nikanyamaza. Mwaka jana kaka yangu alianguka na bodaboda, akapasuliwa kichwa, na hakuamka tena. Mtaani wanasema wagonjwa wa kichwa hawaponi. Sitaki mwanangu aishi kwa kuzika watu. Masomo yenyewe ni miaka mingapi? Na kwa msichana, ataolewa lini? Niambie ukweli, nimkataze au nimwache?

JIBU: Mama, kwanza pole kwa kaka yako. Sikuziona picha zake za kichwa, kwa hiyo sitasema lolote juu ya yaliyompata. Umeuliza mengi kwa mpigo. Naanza na hilo la kwamba wagonjwa wa kichwa hawaponi, maana mengine yote yametundikwa hapo.

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa mzee wa miaka sabini na kitu kutoka Murang'a. Kwa wiki tatu alikuwa akipotea njia ya kwenda chooni, akiwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, na mguu wa kulia ukiburuta. Wanawe walikuwa wameshagawanyika. Mmoja alisema ni uzee, mwingine akasema ni jirani wanayegombania naye mpaka wa shamba. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwezi mmoja na nusu nyuma mzee alijigonga kwenye mwimo wa mlango wa zizi. Mtu akifika umri huo ubongo huwa umesinyaa kidogo, na vimishipa vinavyouunganisha na utando wa juu vimevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Kimoja kikikatika, damu huvuja polepole kwa majuma, hugeuka majimaji meusi kama oili chafu ya gari, nayo huukandamiza ubongo. Tulitoboa matundu mawili kwenye fuvu, tukaosha kwa maji ya chumvi, tukaacha mrija wa kutolea yaliyobaki. Kazi ya chini ya saa moja. Asubuhi yake aliomba uji, kisha akauliza ni nani anayekamua ng'ombe.

Kwa hiyo wapo wanaopona, tena kwa namna inayomfanya daktari atoke wodini akijiona mganga wa hadithini. Na mimi naihesabu hiyo kuwa hatari ya kwanza kwa binti yako: ataona mgonjwa mmoja kama huyo na kuamini kazi yote iko hivyo.

Kundi la pili ndilo linalojaza kasualti za Nairobi Ijumaa usiku na mwisho wa mwezi. Mfupa wa panja, pale kati ya jicho na sikio, ni mwembamba, na chini yake unapita mshipa wa ateri. Kijana anaanguka na bodaboda bila helmeti, mfupa unapasuka, mshipa unakatika. Anazimia kidogo, anaamka, anasema yuko sawa, hata anapiga simu. Wenzake wanamrudisha nyumbani alale. Saa mbili tatu baadaye anatapika, anasinzia usingizi usio wa kawaida, mboni ya jicho moja inapanuka. Damu imejaa kati ya fuvu na utando mgumu, na kwa kuwa fuvu ni sanduku lisilotanuka, kinachosukumwa ni ubongo. Akifika mezani mapema, bonge lile la damu likiondolewa, wiki ijayo anaweza kutoka kwa miguu yake. Akichelewa, bonge ni lilelile na kisu ni kilekile, lakini haamki. Ndiyo maana swali lako halina jibu moja. Mgonjwa wa kichwa hupona au hufa kwa saa: ilichukua muda gani kupata gari, mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa, ilikuwa wapi na je, ilikuwa ikifanya kazi, damu ilipatikana, daktari wa nusukaputi alikuwepo, kitanda cha wagonjwa mahututi kilikuwa wazi. Mkono wa mpasuaji ni kiungo cha mwisho kwenye mnyororo huo.

Niliwahi kumpokea kijana aliyepitishwa hospitali tatu kabla ya kutufikia. Ya kwanza haikuwa na mashine ya picha, ya pili mashine ilikuwa imeharibika, ya tatu walisubiri malipo. Alipofika kwetu mboni zote mbili zilikuwa zimepanuka na hazisinyai kwa mwanga. Kipimo cha fahamu tunachotumia, kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974 na Teasdale na Jennett, huhesabu macho, maneno na mwitikio wa viungo. Alama ya juu ni 15, ya chini kabisa ni 3, na kuanzia 8 kushuka tunasema mtu amezama katika koma. Yeye alikuwa 3. Sikumpasua. Nilimweleza mama yake tukiwa tumesimama koridoni, kwa sababu pale hapakuwa na viti. Aliniuliza, "Mbona hamumpasui?" Nimejibu swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo na bado sijapata njia fupi ya kulijibu.

Usiku kama huo binti yako ataupitia. Kushika kisu atafundishwa na wengi. Kukaa na mama wa mtu baada ya kukiweka chini, hapo hakuna somo lenye mtihani.

Sasa huo msemo wa mtaani. Usiwacheke wanaousema, kwani kwa babu zetu ulikuwa kweli. Mwanzoni mwa karne iliyopita aliyefunguliwa fuvu alikuwa na nafasi ndogo ya kuamka, hata Ulaya. Mmarekani Harvey Cushing ndiye aliyeigeuza kazi hii kuwa fani inayojitegemea, kwa ukaidi wa kuzuia damu isivuje: klipu ndogo za fedha mwaka 1911, kisha mwaka 1926 kifaa cha umeme cha kuunguza mishipa. Hata hivyo alikuwa akipasua bila kuona ndani. Kabla ya CT, picha ya ubongo ilipigwa kwa kuingiza hewa ndani ya vyumba vya ubongo, jambo lililomwumiza mgonjwa kichwa vibaya sana. Skani ya kwanza ya CT ya mgonjwa ilifanywa London mwaka 1971 kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Wewe na mimi tulizaliwa karibu na hapo, Mama. Fani hii ya kuona kabla ya kukata ni rika letu.

Na tusijidharau, maana kupasua fuvu hakukuletwa kwa meli. Kisii kulikuwa na omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa, aliyekuwa akifungua ngozi na kukwangua mfupa wa mtu aliyepigwa rungu na kubaki na maumivu yasiyokwisha. Wengi waliishi miaka baada yake. Edward Margetts, Mkanada aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, alikusanya habari zao na kuziandika. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba omobari alijua jambo moja ambalo wao husahau: hakugusa utando chini ya mfupa ila kwa bahati mbaya.

Hapa Nairobi upasuaji wa ubongo wa kisasa ulishika mizizi kwa watu wachache sana. Renato Ruberti alitoka Italia miaka ya 1960, Jawahar Dar akatoka India na kufanya kazi Hospitali ya Kenyatta miaka ya 1970, kisha akaja Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza katika fani hii, aliyesomea Belfast. Waliowafuata walilazimika kwenda nje kusoma: Uingereza, India, Afrika Kusini. Kizazi cha maprofesa kama Nimrod Mwang'ombe na Mahmood Qureshi ndicho kilichohangaika mpaka mtu akaweza kufuzu akiwa hapahapa nyumbani. Kwa hiyo binti yako hatalazimika kupanda ndege ili asome.

Miaka ni mingi, sikufichi. Udaktari wa kwanza ni miaka sita, naye amebakiza miwili. Mwaka mmoja wa uanagenzi. Wengi hufanya kazi kama madaktari wa kawaida mwaka mmoja, miwili au zaidi katika hospitali za kaunti, na ningemshauri asiruke hapo, kwa sababu ndipo mtu hujifunza kuzalisha, kuunga mifupa na kuzungumza na watu. Halafu ubingwa wenyewe, miaka mitano au sita kutegemea njia. Njia moja ni shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mafunzo yakiwa Hospitali ya Kenyatta. Nyingine ni ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho hakina madarasa: mwanafunzi huajiriwa katika hospitali iliyoidhinishwa, hufundishwa humo, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa Zambia, Ethiopia au Malawi. Kama sasa ana miaka 22, atakuwa na 33 hivi siku atakayoitwa bingwa.

Uliza habari za fedha mapema kuliko nilivyouliza mimi. Aliyetumwa na serikali au kaunti husoma akilipwa mshahara. Asiyetumwa hujilipia karo na hufanya kazi wodini usiku na mchana bila mshahara, akiishi kwa zamu za hospitali binafsi. Nimewaona werevu wakiacha njiani kwa sababu ya kodi ya nyumba, wala hakuna aliyewaandika kwenye takwimu. Hata wanagenzi wenyewe unajua wanavyohangaika; mgomo wa madaktari wa siku 56 wa mwaka 2024 ulihusu sana kupangiwa kwao kazi na malipo yao.

Watu huniuliza habari za mikono, kana kwamba tunazaliwa na vidole vya sonara. Mikono hufundishika. Rejista wetu, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, hununua mabawa ya kuku, huuchimbua mshipa wa damu wenye unene wa milimita moja hivi, huukata na kuuunga chini ya darubini kwa uzi usioonekana kwa macho. Bawa la kwanza hutoka kama nyavu. La hamsini linapitisha maji bila kuvuja. (Kuku mwenyewe huliwa, usijali.) Drili ya umeme ya siku hizi husimama yenyewe ikishapita mfupa, lakini mimi hudai kila mwanafunzi ajue pia keekee ya mkono na msumeno wa waya wa Gigli, kwa sababu nimewahi kumaliza kufungua fuvu kwa vyombo hivyo baada ya drili kugoma katikati ya kazi. Kinachonitisha kwa mwanafunzi ni haraka. Mikono inayotetemeka kidogo hutulia; mtu mwenye haraka huwa na haraka mpaka uzeeni.

Sasa nikupe upande ambao haufiki mitaani, maana anayepona haitishi matanga. Kuna watoto wanaozaliwa na maji kichwani, au maji hujaa baada ya homa ya uti wa mgongo ya uchangani. Kichwa hukua, macho hutazama chini, majirani husema maneno. Zamani dawa ilikuwa moja: mrija chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huokoa, lakini huziba na huingia vijidudu, na mama anayeishi mbali na hospitali huwa amelala juu ya bomu. Miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Uganda, Mmarekani Benjamin Warf aliunganisha mbinu mbili: kutoboa njia ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba ili maji yapite yenyewe, na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Watoto wengi wakaondokewa na haja ya mrija. Baadaye aliipeleka mbinu hiyo Boston, na mwaka 2017 ukachapishwa utafiti wa watoto 100 wa Mbale uliolinganisha mbinu hiyo na ile ya mrija na kukuta kwamba baada ya mwaka akili zao zilikua sawasawa. Napenda kuwakumbusha wageni wanaokuja kutufundisha kwamba safari hii somo lilianzia Mbale likaenda Marekani.

Huko Kijabe nako, juu ya Bonde la Ufa, watoto wenye maji kichwani na mgongo wazi wamekuwa wakipasuliwa kwa miaka mingi. Na kuhusu mgongo wazi, mengi yangezuiwa kabla ya kumfikia mpasuaji. Tangu 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe asidi ya foliki, vitamini inayosaidia uti wa mgongo wa mtoto ujifunge tumboni. Lakini unga wa posho mill hauna, na mama wengi hujua kuwa ni wajawazito wakati uti wa mgongo wa mtoto umekwisha kujifunga au kukosa kujifunga. Hilo nimeliingiza pembeni, lakini una binti, na pale Gikomba una wateja.

Jamii yetu ya wapasuaji wa ubongo ni ndogo, na hilo ni jema na ni baya. Wataalamu waliochapisha makadirio mwaka 2018 walisema watu takriban milioni 13.8 duniani huhitaji upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu kila mwaka, na kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zina upungufu wa wapasuaji zaidi ya 23,000. Huku kwetu maana yake ni kwamba karibu sote tunajuana kwa majina. Simu yangu hulia saa tisa usiku, daktari wa kaunti fulani amenitumia picha ya CT iliyopigwa kwenye kioo cha kompyuta, imepinda, na chini ameandika, "Mwalimu, huyu nimlete au nitoboe hapa?" Napanguza macho, naangalia, tunaamua. Kesho naye atanifanyia wema mwingine. Kila mwezi tunakaa kujadili waliofariki na waliopata madhara, na aliyemhudumia husimama mbele na kueleza alichokosea. Ukikosea hapo ukasema ukweli, unalindwa. Ukificha, katika jamii ndogo hivi, utajulikana kabla ya chai ya saa nne.

Ubaya ni kwamba wakubwa wachache wakiwa na hasira, hakuna pa kukimbilia. Kuna mabingwa wanaofundisha kwa kufoka, kwa sababu nao walifokewa. Mimi mwenyewe nilifoka miaka yangu ya kwanza, mpaka muuguzi wa thieta aliyenizidi umri aliponivuta kando na kuniambia, "Daktari, ukipiga kelele sisi sote tunatazama uso wako, hakuna anayetazama mgonjwa." Binti yako akikutana na mwalimu wa namna hiyo, ajue kwamba hiyo si sehemu ya mtaala.

Ataolewa lini? Mama, hapo umenipa swali gumu kuliko ubongo. Nawajua wanawake wapasuaji wenye waume na watoto, na wanaume wapasuaji walioachwa kwa sababu hawakuonekana nyumbani. Zamu ni ngumu kwa yeyote, na kupata mimba katikati ya mafunzo kunahitaji mkuu wa idara mwenye utu, jambo ambalo aulizie kabla ya kuchagua mahali. Mtu akimwambia si kazi ya wanawake, amtaje Claire Karekezi wa Rwanda, aliyesomea Rabat na kuongeza ujuzi Toronto, kisha akarudi Kigali kuwa mwanamke wa kwanza wa fani hii nchini mwake.

Nimkataze au nimwache, uliuliza. Usimkataze, na pia usimpongeze bado. Anachokipenda sasa ni picha ya kazi. Kazi yenyewe hajaionja. Chuoni huwa na wiki za mwanafunzi kuchagua idara anayotaka kushinda. Achague yetu, na achague Desemba, wakati barabara zimechafuka. Asiombe kushika chochote. Akae kasualti na rejista wa zamu kuanzia saa mbili usiku, ahesabu ni mara ngapi mtu yule anapiga simu kutafuta kitanda, kwa kuwa hiyo ni nusu ya kazi. Aingie thieta uvimbe ukitolewa kwa muda wa saa nane, asimame, ajiulize kama saa ya sita bado anataka kuona. Halafu, na hili ndilo ningelipa uzito kuliko alama zake zote, afuatane na daktari anapokwenda kuzungumza na ndugu wa asiyeamka. Akikuta anataka kukimbia, kuna fani nyingine nzuri na hakuna aibu. Akikuta anajiuliza wale watu watakaa wapi, yaani ametambua kwamba koridoni hakuna viti, huyo mlete.

Mweleze pia kuhusu mjomba wake. Nadhani amekwisha kufikiria, na pengine hamu hii imetoka hapohapo, lakini hajui kama anaruhusiwa kulitaja mezani. Jina la marehemu litatajwa katika kazi hii kila wiki, akiwa na majina mengine. Ni vizuri alitaje kwanza nyumbani.

Akija, aje saa moja kasorobo asubuhi, kabla ya kikao cha picha kuanza, na avae sweta, thieta zetu zina baridi ya Limuru. Siku ya pili atakapofika Umoja macho yamemvimba, usimwulize ameamua nini. Mpe chai, afunge pazia, alale.